Rangi, Mwanga na Tope: Historia ya Furu wa Ghuba ya Mwanza

Katika orodha ndefu za samaki wa dunia, zilizojaa majina ya Kilatini na Kigiriki, yamo majina mawili ambayo Mswahili huyasoma bila ya mkalimani. La kwanza ni Pundamilia pundamilia; la pili ni Pundamilia nyererei. Wenye majina hayo ni samaki wadogo, wasiozidi sana sentimita kumi, wakaao katika miamba ya kusini mwa Ziwa Victoria, katika maji ya Mwanza. Wavuvi wa huko huwaita furu, pamoja na mamia ya ndugu zao. Na wale wa miambani huwaita mbipi. Jina la Nyerere lilitolewa mwaka 1985 na Els Witte-Maas na Frans Witte, wataalamu kutoka Uholanzi, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, katika mwaka ule ule aliong'atuka urais. Jina la pundamilia lilikuja mwaka 1998, kwa sababu ya milia inayoteremka ubavuni mwa samaki hao.

Samaki hawa wawili ni ndugu wa karibu mno. Majike yao, ya rangi ya kahawia iliyofifia, humtatiza hata mtaalamu. Madume ndiyo yanayojitambulisha: dume la pundamilia lina rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu, na dume la nyererei lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Wakipandishwa katika tangi huzaa watoto wazima, na watoto hao nao huzaa. Hakuna kizuizi cha damu baina yao. Wanaishi katika mwamba mmoja, mara nyingine kwa umbali wa mita chache tu, na bado katika maji maangavu hawachanganyiki. Basi nini kinachowatenga? Jibu la swali hilo lilichukua miongo kadhaa kupatikana, na lilipopatikana lilikuwa tayari limechelewa kwa baadhi yao.

Watu wa pwani wanalijua swali hili kwa sura nyingine. Wanyama wadogo wajengao matumbawe hawatembei wala hawatafuti wenzi. Aina nyingi miongoni mwao humwaga mayai na mbegu baharini usiku, na mengine yote huachiwa maji. Ingetarajiwa kwamba mchafuko huo ungezaa machotara matupu. Lakini wanyama hao wana saa na wana kufuli. Saa ni majira ya mwaka, umri wa mwezi na muda wa usiku: aina moja humwaga mapema, nyingine hungoja. Kufuli ni kemia iliyo juu ya yai, ambayo huikubali mbegu ya aina yake kwa urahisi kuliko ya mgeni. Katika matumbawe ya Mombasa, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa aina mbalimbali hazimwagi zote katika usiku mmoja mkubwa, kama zifanyavyo nyingi kule Australia, bali hutawanyika katika miezi kadhaa. Hata hivyo kufuli hizo si za chuma, machotara hutokea. Furu wa Mwanza hawana saa ya namna hiyo wala kufuli ya namna hiyo. Wana macho.

Ili kufahamu uzito wa jambo hilo, yafaa kwanza kulitazama ziwa lenyewe. Ziwa Victoria ni pana, kiasi cha kilomita za mraba 68,800, lakini ni la kina kifupi: penye kina kirefu kabisa hapafiki mita mia moja. Ni kama sinia mbele ya mtungi likilinganishwa na Tanganyika. Mwaka 1996 wanajiolojia waliochunguza tope la sakafu yake walitangaza kuwa ziwa hilo lilikauka karibu lote zama za ukame mkuu, na kwamba maji yalirudi yapata miaka 15,000 iliyopita. Kwa umri wa dunia, hiyo ni jana. Hata hivyo, katika karne ya ishirini ziwa hilo lilikuwa na zaidi ya aina 500 za furu ambazo hazipatikani penginepo. Walikuwamo wala konokono, wakwangua miamba, wala wadudu, wala samaki wenzao, na hata wale walioishi kwa kunyonya mayai na vichanga kutoka vinywani mwa majike wengine. Hakuna mahali pengine panapojulikana ambapo wanyama wenye uti wa mgongo wamegawanyika kwa wingi namna hiyo katika muda mfupi namna hiyo.

Sayansi ya Ulaya ilianza kuwaandika samaki hao mwaka 1888, pale Franz Hilgendorf wa Berlin alipoeleza samaki waliokusanywa ziwani na marehemu Dkt. Gustav Fischer. Baadaye, kuanzia miaka ya 1950, Mwingereza Humphry Greenwood alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwapanga kwa meno, mataya na mafuvu. Kazi yake ilikuwa kubwa, lakini aliifanya zaidi kwa samaki waliokwisha kufa, na samaki aliyetiwa katika pombe hupoteza rangi. Kwa hiyo kile kitu ambacho furu wenyewe hukitumia kujuana kilikuwa cha kwanza kutoweka mezani pa mtaalamu.

Mwaka 1977 kikundi cha watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden kiliweka makao Mwanza. Wakati huo nchi ilikuwa na hamu ya kuwatumia furu, ambao walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa, kwa kusaga chakula cha mifugo, na ilikuwa lazima kwanza kujua ni samaki gani waliokuwa wakivuliwa. Wakishirikiana na wataalamu wa Tanzania, na baadaye na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliyoundwa mwaka 1980, watafiti hao walivuta nyavu katika Ghuba ya Mwanza, zikiwemo hori za Butimba na Nyegezi, ambazo maji yake hupiga katika mwambao wa Nyamagana. Samaki walitazamwa wakiwa hai, na rangi zao zikaandikwa kabla hazijafifia. Kila mwezi aina mpya zilionekana. Wavuvi waliowasaidia walikuwa na macho makali kuliko vitabu, na istilahi yao ya mbipi ndiyo iliyokuja kuingia katika maandishi ya kitaalamu.

Hapo ndipo ilipofahamika namna furu wanavyooana. Dume hushika kijieneo chake katika mwamba na kukilinda kwa ukali. Jike hupita, akatazama, akaenda kwa mwingine, akarudi. Akiridhika hutaga mayai machache machache na kuyachukua papo hapo mdomoni. Dume naye ana madoa ya manjano katika pezi lililo chini ya tumbo kuelekea mkiani, yanayofanana na mayai. Jike huyafuata kwa mdomo, na katika kufanya hivyo hupokea mbegu. Kisha huondoka peke yake, akaatamia mayai mdomoni kwa wiki mbili hadi tatu, bila ya msaada wa dume. Kwa kuwa mzigo wote ni wake, uchaguzi nao ni wake. Ndoa hiyo haina mshenga wala ushahidi mwingine ila sura: jike humjua wa kwao kwa rangi.

Ole Seehausen, mtafiti kijana aliyefika Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliliweka jambo hilo katika mizani. Majike ya pundamilia na ya nyererei yaliwekwa mbele ya madume ya aina zote mbili. Katika mwanga mweupe, kila jike lilimwendea dume wa aina yake. Kisha taa zikabadilishwa, ukawekwa mwanga wa rangi ya machungwa pekee, ambamo buluu na nyekundu haziwezi kutofautishwa. Majike yakaacha kubagua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998, na maana yake ilikuwa nzito: mpaka baina ya aina mbili za viumbe ulikuwa umesimama juu ya mwanga, na ukaondolewa kwa kubadilisha taa.

Uchunguzi uliofuata ulieleza chanzo cha mpaka huo. Baharini, katika maji safi, mwanga wa buluu ndio unaozama mbali. Ziwani hali ni kinyume: chembe zinazoelea huumeza mwanga wa buluu karibu na uso wa maji, na chini hubaki mwanga mwekundu. Furu wa pundamilia hukaa juu, penye mwanga mweupe. Wa nyererei hukaa chini zaidi, penye mwanga mwekundu. Mwaka 2008 Seehausen na wenzake walionyesha kuwa macho yao yametofautiana kulingana na makazi hayo: protini ya jicho inayopokea mwanga mwekundu ina umbo moja kwa hawa na umbo jingine kwa wale. Jike mwenye macho ya kilindi huliona vizuri zaidi dume jekundu. Mwenye macho ya juu huliona vizuri zaidi la buluu. Mwaka 2017 Martine Maan na wenzake waliongeza kuwa samaki waliolelewa katika mwanga wa kwao waliishi kuliko waliolelewa katika mwanga wa jirani. Kwa hiyo rangi ya dume, jicho la jike na kina cha maji ni nyuzi tatu za kamba moja.

Kamba hiyo ina nguvu pale tu maji yanaporuhusu. Visiwa vya eneo la Mwanza vinaionyesha hali hiyo kwa ngazi. Makobe, katika Ghuba ya Speke, kina maji ambayo jicho hupenya zaidi ya mita mbili. Huko buluu na nyekundu ni aina mbili zilizo kamili. Katika visiwa vya Python na Kissenda, ndani ya Ghuba ya Mwanza, jicho hupenya kiasi cha mita moja au pungufu. Huko aina mbili bado zipo, lakini baadhi ya samaki huwa katikati. Luanso, kusini kabisa mwa ghuba, maji ni ya tope na jicho hupenya takriban nusu mita. Huko hakuna aina mbili. Kuna jamii moja, yenye madume ya buluu kidogo, mekundu kidogo, na mengi yasiyo hiki wala kile.

Wakati elimu hii ilipokuwa ikikusanywa, ziwa lenyewe lilikuwa likigeuka. Sangara, samaki mkubwa mla nyama, alikuwa ameletwa ziwani katika miaka ya 1950 upande wa Uganda ili kuongeza mavuno. Kwa miaka mingi hakuonekana kuwa na athari kubwa. Katikati ya miaka ya 1980 alifurika Ghuba ya Mwanza. Watafiti waliokuwa wakivuta nyavu katika vituo vyao vya kawaida walikuwa wamehesabu zaidi ya aina 120 za furu. Baada ya mwaka 1986, kiasi cha 80 hazikupatikana tena. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, minofu ikasafirishwa Ulaya, na mapanki yakabakia kwa wenyeji. Habari hiyo ilienea duniani, na Tijs Goldschmidt, mmoja wa watafiti wa kikundi cha Leiden, akaisimulia katika kitabu kilichotoka Uholanzi mwaka 1994. Tangu hapo, watu wengi wanapoulizwa ni nini kilichowamaliza furu, hutaja jina moja tu: sangara.

Jibu hilo ni la kweli lakini ni nusu. Mwaka 1997 Seehausen, Jacques van Alphen na Witte walichapisha katika jarida la Science hoja iliyowashangaza wengi. Furu wa miambani hawakuwa chakula chepesi cha sangara, kwa kuwa walikuwa na mapango na nyufa za kujifichia. Nao pia walikuwa wakipungua aina. Walipolinganisha sehemu moja na nyingine, walikuta kwamba penye maji maangavu aina ni nyingi na rangi ni kali, na penye maji machafu aina ni chache na rangi zimepauka. Chanzo kilikuwa nchi kavu. Misitu ilikatwa, mashamba yakapanuka hadi kando ya mito, moshi na vumbi vikaleta rutuba kwa njia ya mvua, na miji ikamwaga maji taka ziwani. Rutuba hiyo ikastawisha mimea midogo isiyoonekana mmoja mmoja kwa jicho, maji yakawa ya kijani, na mwanga ukafungwa. Madume yakaendelea kuvaa rangi ambazo hazikuonekana vema tena. Hata faida ya kujipamba ikapungua, na rangi zenyewe zikaanza kufifia.

Hapa pana aina ya mauti ambayo lugha ya kawaida haina neno lake. Samaki anapoliwa na sangara, yupo aliyekufa. Aina mbili zinapoyeyukana kwa kukosa mwanga, hakuna aliyekufa. Majike yameatamia, watoto wameogelea, wavu wa mvuvi una uzito ule ule. Kilichopotea ni tofauti baina yao, pamoja na namna mbili za kuishi zilizochukua maelfu ya miaka kutengana. Hasara ya namna hiyo haina mzoga, na kwa hiyo haina msiba.

Mtu aweza kupinga kwamba kuchanganyika si balaa, kwani viumbe vyote vimetokana na michanganyiko. Pingamizi hilo ni la haki, na sayansi yenyewe imelitia nguvu. Mwaka 2017 Joana Meier na wenzake walionyesha, kwa kusoma chembe za urithi, kuwa furu wote wa Ziwa Victoria na maziwa jirani ni wazao wa makundi mawili ya kale, moja la upande wa Kongo na jingine la upande wa Nile, yaliyokutana na kuzaliana yapata miaka 150,000 iliyopita. Hata zile namna mbili za jicho, ya mwanga mweupe na ya mwanga mwekundu, zina asili katika pande hizo mbili za wazazi. Katika utafiti mwingine wa mwaka huo huo ilibainika kuwa samaki wekundu na wa buluu wa visiwa vya Python si nakala tu za wale wa Makobe: mababu zao walichanganyika ndani ya ghuba, kisha wakatengana upya, wekundu chini na buluu juu.

Basi mchanganyiko ulileta nyuzi, na mwanga ndio uliozipanga. Hilo ndilo jambo ambalo historia ya Python inafundisha pamoja na ile ya Luanso. Machotara wa kale walikutana na ziwa lenye maji ya kila namna, maangavu hapa na yenye kiza pale, na kila jicho likapata mahali pake. Kutoka katika wingi ule ukazaliwa wingi mkubwa zaidi. Machotara wa leo katika maji ya tope hawakuti nafasi hizo. Mwanga hubadilika kwa ghafla mno katika hatua chache za kina, na hakuna macho yanayoweza kujichagulia tabaka. Nyuzi zipo, lakini hakuna kinachozipanga.

Je, kilichopotea kinaweza kurudi? Kwa waliopunguzwa na sangara, mara nyingine ndiyo. Sangara alipovuliwa kwa wingi katika miaka ya 1990, baadhi ya furu walioonekana kwisha walichomoza tena. Mwaka 2003 Egid Katunzi wa TAFIRI, pamoja na wenzake, walieleza habari za furu mmoja mla vijidudu vya majini aliyetoweka kisha akarudi Ghuba ya Mwanza, akiwa amebadilisha chakula chake na kufuata viumbe wakubwa zaidi. Wachache walionusurika walitosha kuanza upya. Kwa waliomalizwa na tope, mfano wa Uswisi hautii moyo. Huko, katika karne ya ishirini, maziwa ya milimani yalirutubishwa kupita kiasi kwa maji taka, na aina za samaki zilizokuwa zikitengwa na kina cha kutagia ziliyeyukana. Serikali ilisafisha maji kwa gharama kubwa, na maji yakawa safi kweli. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa aina zilizoyeyuka hazikurudi.

Kwa hiyo haraka ya jambo hili iko katika uwazi wa maji. Mwaka 1997 ulianza Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Victoria, ulioshirikisha Tanzania, Kenya na Uganda, na awamu yake ya pili ikafuata mwaka 2009; magugu maji, yaliyoonekana kwa macho ya wote na kuzuia mitumbwi kutoka, ndiyo yaliyovuta hisia za wengi. Tope halizuii mtumbwi. Mwaka 2013 kisiwa cha Saanane, kilichoko mbele ya mji wa Mwanza, kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, pamoja na miamba yake na sehemu ya maji yanayokizunguka. Hilo ni jema, lakini mpaka wa hifadhi huzuia wavu, na hauwezi kuzuia mto. Mto Mirongo hupita katikati ya mji, ukakusanya kila kinachotupwa katika vilima vya Nyamagana, na kuumwaga mzigo huo katika ghuba ile ile.

Mwamba wa Bismarck, ambao wageni huupiga picha na wenyeji huuchukua kuwa alama ya mji, umesimama majini humo. Sehemu yake iliyo juu ya maji haibadiliki. Iliyo chini hutegemea mvua inaponyesha, shamba linapolimwa na mtaro unapofunguliwa. Hapo, katika mita moja au mbili za mwanga uliosalia, jike la furu bado linapita mbele ya madume na kutazama, na kila kinachowatenga wa buluu na wekundu kimo katika kile anachoweza kukiona.